Stika ya Ohm Nane

Vijana mnaokuja kuniuliza spika ya wati ngapi ndiyo nzuri, kaeni kwanza. Swali hilo limenilisha karibu miaka thelathini na ndilo lililonifukuzisha kazi. Mimi ni Wekesa, naishi Kinoo, nina miaka hamsini na sita, na shule yangu iliishia darasa la sita. Kazi ya kufunga spika za nyumbani nimeiacha kwa sababu sikio langu la kulia sasa linapiga filimbi lenyewe, hata kukiwa kimya. Hapo sina wa kulaumu. Nilipokuwa na umri wenu nilikuwa natia kichwa kizima ndani ya buti ya gari kusikiliza besi, nikidhani huo ndio ujuzi. Kwa mambo mengine nina wa kulaumu. Duka silitaji, lilishafungwa. Watu nitawataja.

Nitawaeleza namna ya kuchagua spika na kuzilinganisha na amplifaya, lakini nitapitia Kitisuru, kwenye nyumba ambako amplifaya iliungua na jina langu likaungua nayo. Fundi ana mita, ana bisibisi, na ana jina. Mita ikiharibika unaenda mjini kununua nyingine. Jina sijui linauzwa wapi. Mimi langu nililitafuta miaka mitatu.

Aliyenifundisha ni Mzee Surjit, Kalasinga wa Ngara, mfupi, kilemba cha bluu, miwani amefunga kwa uzi. Alikuwa fundi wa lile duka letu la mjini, chumba cha nyuma, na mimi nilikuwa mfagiaji. Siku moja akaona naangalia anavyotia solda, akaniambia, "Wewe nashika fagio kama nataka kulala. Kuja hapa." Hivyo tu. Hakuuliza cheti.

Alijua sisomi vizuri, kwa hiyo hakunifundisha kwa kitabu. Alisema amplifaya ni watu wengi wanaosukumana wakitaka kwenda nje, spika ni nyumba, na zile ohm ni mlango. Ohm nane ni mlango mwembamba, watu wanatoka mmoja mmoja, hakuna shida. Ohm nne ni mlango mpana, wanatoka kwa wingi, na amplifaya lazima iwe na watu wa kutosha la sivyo inachoka, inapata moto. Ukifunga spika mbili pamoja kwenye waya mmoja, umefungua milango miwili ubavu kwa ubavu. Nane mbili zinakuwa nne. Nne mbili zinakuwa mbili, na hapo amplifaya nyingi za nyumbani zinaanza kutokwa na jasho.

Basi pale nyuma ya duka hatukusema ohm. Tulisema mlango. "Hii mlango ngapi, Wekesa?" "Mlango nane, Mzee." Miaka kumi na kitu nilisema hivyo, sikujua kuna watu hawasemi hivyo. Neno hilo lilikuja kuniponza, mtaona.

Sheria yake ilikuwa moja: hakuna spika inayofungwa kabla ya kupimwa. Unaweka mita kwenye ncha mbili za spika. Ya ohm nane itakuonyesha sita na kitu, pengine saba. Usishangae haifiki nane, ndivyo zilivyo. Ya ohm nne itakuonyesha tatu na kitu. Halafu unachukua betri ndogo ya tochi, unagusisha waya mara moja. Koni ikiruka mbele, waya ulioko upande wa chanya wa betri ndio chanya wa spika. Ikirudi nyuma, umegeuza. Spika mbili zikifungwa moja mbele moja nyuma, besi inapotea na mteja anasema umemuuzia spika za karatasi. Nimeona watu wakirudisha spika nzuri kabisa kwa sababu ya waya mmoja uliogeuzwa.

Mzee Surjit alipostaafu, akaletwa Dikson Mwaniki awe meneja. Dikson alikuwa na suti, marashi, na Kiingereza cha kuteremka kama maji ya bomba. Yeye hakuuza spika. Aliuza wati. Anachukua kiboksi cha plastiki unachoinua kwa kidole kimoja, anamwambia mteja, "Buda, hii ni wati elfu mbili na mia tano. Majirani watahama." Mteja anacheka, anabeba.

Siku moja nikageuza kiboksi nyuma nikamwonyesha. "Dikson, hapa wameandika hii mashine inakula wati themanini kutoka ukutani. Sasa elfu mbili inazitoa wapi, inazaa?"

Akaniangalia kama anayeangalia nzi kwenye chai. "Wekesa, wewe funga. Kuongea niachie mimi."

Nami nikamwachia. Hilo andikeni mahali. Kosa langu la kwanza halikuwa la waya.

Na hiyo njia ya kugeuza mashine nyuma muishike. Namba kubwa ya mbele imeandikwa na muuzaji. Ile ndogo ya nyuma, karibu na waya wa umeme, imeandikwa na mtu anayeogopa kushtakiwa. Mwamini huyo anayeogopa.

Sasa Kitisuru. Mteja alikuwa Daktari Nilesh, mtu mpole, nyumba kubwa yenye miti, anaishi na mkewe na mama yake mzazi ambaye nyumba nzima ilimwita Ba. Alinunua amplifaya nzuri, hiyo siwezi kuisema vibaya, spika za sebuleni, wufa moja, ile spika kubwa ya besi, na jozi nyingine ya spika za veranda. Dikson aliuza, mimi nikaenda kufunga.

Wufa ina njia yake ya kutafutiwa mahali, na hii ni ya bure kabisa. Usiiweke tu pembeni kwa sababu pana nafasi. Iweke juu ya kiti pale mteja anapokaa, cheza muziki wenye besi, halafu wewe mwenyewe shuka chini utambae kando ya kuta ukisikiliza. Mahali besi inaposikika safi, bila kuvuma kama pipa, hapo ndipo utakapoiweka. Basi mimi nilikuwa nimetambaa nusu ya sebule, sikio karibu na zulia, nikaona miguu yenye viatu vya nyumbani imesimama mbele ya pua yangu. Ba.

"Wewe napoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, Ba. Natafuta besi."

"Hapa sisi iko fagia kila siku," akasema kwa hasira. "Hakuna besi hapa."

Mkewe Daktari alicheka mpaka akakaa. Ba naye alipoelewa akaleta chai na chevda, vile vitafunio vyao vya kukaanga, akakaa kwenye kiti cha mbali, akawa ananielekeza kwa kidole: "Pale pia. Nyuma ya pazia pia tafuta." Nilitoka kwa ile nyumba nikijiona mtu.

Lakini kabla ya kutoka nilikuwa nimefanya jambo. Amplifaya ile ilikubali jozi mbili za spika pamoja, mradi mzigo wote usishuke chini ya nne. Nikaangalia nyuma ya spika. Stika safi, nyeupe: 8. Nane na nane, nne, sawa. Mvua ilikuwa inakusanyika, dereva anapiga honi getini, mita iko chini ya mfuko. Sikupima. Nilifunga.

Siku ya tatu fyuzi ikakatika. Mteja akapiga simu dukani na Dikson akaenda mwenyewe, hakuniambia. Alichofanya nilikuja kukiona kwa macho yangu: alichukua ile fyuzi iliyokufa akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akairudisha. Muziki ukalia. Vijana, msiwahi. Fyuzi inakufa ili mashine iishi, na wakati mwingine ili mtu aishi. Ikikatika inakuambia kuna kitu nyuma yake. Dikson hakutaka kujua, alitaka kurudi mjini.

Jumapili hiyo Daktari alikuwa na wageni wa mchana, spika za sebule na za veranda zote zinalia, amplifaya imefungiwa kwenye kabati la mbao kwa sababu mkewe hapendi kuona waya. Moshi ukaanza kutoka kwenye kabati. Wageni wakakimbilia bustani. Aliyechomoa plagi ukutani ni Ba, mama wa miaka themanini, kwa mkono wake. Nikifikiria hilo hata leo natokwa na jasho. Angeweza kufa kwa ajili ya stika.

Jumatatu tukaitwa, mimi na Dikson. Daktari alisimama mbele ya kabati jeusi, amekasirika kwa adabu, ile hasira mbaya zaidi. Alikuwa amesoma kidogo kuhusu spika. Akaniuliza kwa Kiingereza, na katika maneno yake nilishika moja tu, ohm. Nikajua anauliza nini. Nikajibu nilivyofundishwa.

"Mlango ulikuwa mpana sana, Daktari."

Akakunja uso. "Mlango? Mlango gani? Uliacha mlango wazi?"

Kabla sijafungua mdomo Dikson alishaingia. "Umesikia mwenyewe, Daktari. Aliacha kabati wazi, panya wakaingia wakatafuna waya."

Panya! Kitisuru, nyumba inayofagiliwa kila siku! Nilitaka kusema mlango si wa kabati, mlango ni wa spika, mlango ni ohm, stika inasema nane lakini hii mashine haiungui kwa nane. Yote yalikuwa kichwani. Mdomoni yakatoka, "Hapana, mlango... ule mwingine." Daktari akatikisa kichwa. Ba alikuwa amesimama kwenye korido, akaniangalia, akaingia chumbani. Hakuniletea chai.

Zile spika zilirudishwa dukani. Nikazipima mbele ya wote: tatu nukta tano. Zote. Nikabandua stika ya nane kwa ukucha, na chini yake, imechapwa kwenye bamba lenyewe, palikuwa na nne. Ya nane inauzika haraka, maana inakubali amplifaya karibu yoyote. Mwenye duka, Bwana Hasmukh, akaangalia stika, akamwangalia Dikson, akaniangalia. Akasema, "Wekesa, lete funguo za duka, uende."

Alijua. Nasema alijua kwa sababu hakuuliza stika zimetoka wapi. Mtu asiyejua angeuliza.

Ndani ya wiki moja Dikson alikuwa ameshapita kila duka la mtaa ule. Nikiingia kuomba kazi nasikia, "Aa, si huyu ndiye Moshi?" Wanacheka. "Wekesa Moshi! Kwetu hatuna kabati, bro, utachoma nini?" Mtu mmoja hata alijifanya anakohoa. Dikson mwenyewe, mkitaka kujua, yuko salama. Ana duka lake sasa na amenenepa. Hapo sina habari njema.

Nilienda Ngara kwa Mzee Surjit. Alikuwa hawezi kutembea vizuri tena. Nikamweleza yote, nikingoja amtukane Dikson. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wekesa, wewe napima?"

"Mzee, stika ilisema nane."

"Mimi nauliza wewe napima. Wewe naniambia nasoma."

Nilikasirika nikaondoka bila kumaliza chai. Nilifika Westlands ndipo likaniingia. Maisha yangu yote nimelia kwamba sikusoma, na ile siku moja niliyoamini maandishi ndiyo iliyoniangusha. Dikson aliweka uongo, ndiyo. Lakini mita ilikuwa kwenye mfuko wangu.

Miaka mitatu nilibeba mawe kwenye mijengo ya Kinoo, na jioni natengeneza redio na pasi mbele ya nyumba. Watu wa redio hawakujali Moshi. Spika hakuna aliyeniitia.

Mtu wa kwanza alikuwa Mwalimu Rispa, mwalimu mstaafu wa Woodley. Dada yake anakaa karibu nami, ndiye aliyemleta na redio. Alipoichukua akasimama pale, mkoba kifuani.

"Kijana, ni wewe wanamwita Moshi?"

Nina nywele nyeupe, ananiita kijana. "Ni mimi, Mwalimu."

"Ulichoma nyumba?"

"Amplifaya na kabati. Nilifunga spika bila kupima."

Akaniangalia kama anayesahihisha daftari. "Wengine wote niliowauliza wananiambia wao hawajawahi kuharibu kitu. Sikiliza. Mume wangu hashiki tena maneno ya televisheni. Sauti anasikia, maneno hashiki. Ameacha kukaa sebuleni, anakaa nje anaangalia ukuta. Nimeambiwa ninunue wati elfu moja."

"Ukinunua wati elfu, Mwalimu, atasikia kelele zaidi. Maneno atakosa vilevile."

"Basi utanipeleka. Na kila waya utaniambia unaenda wapi kabla hujaugusa."

Kabla ya kwenda mjini nilimwomba ajirekodi kwa simu yake akisoma gazeti. Hii ndiyo siri yangu kubwa ya kuchagua spika, na nawapa. Usichague kwa wimbo wa dukani. Ule wimbo umechaguliwa na duka, hata debe litalia vizuri nao. Chagua kwa sauti ya mtu unayemjua. Sikio haliwezi kudanganywa kuhusu mtu wa nyumbani.

Muuzaji alikuwa binti mmoja, Faith, mchangamfu. "Mzee, hii hapa ni wati elfu tatu!"

"Kwani nimekuja kununua jenereta? Tuchezee hii simu."

Spika ya kwanza, Mwalimu akasikia sauti yake akashika shavu. "Niko ndani ya tangi la maji?" Ya pili: "Hapo nina mafua." Ya tatu, spika ndefu ya kulala, ile inayokaa chini ya televisheni katikati, ilianza kusoma habari za bei ya unga na Mwalimu akaisogelea. Kisha akasema polepole, "Huyu sasa ni mimi."

Kwa hiyo mjue: kwenye filamu na habari, maneno karibu yote yanatoka kwa ile spika ya katikati. Kama hela ni chache, nunua nzuri hiyo, zile za pembeni na za nyuma zingoje. Na iangalie watu usoni, usiifiche ndani ya rafu.

Nyuma iliandikwa sita. Nikatoa mita. Faith akauliza, "Si imeandikwa?" Nikamwambia ndiyo, imeandikwa. Ikasoma tano na kitu. Ilisema ukweli. Akaniomba na yeye apime, akapima nyingine nne zilizokuwa kwenye rafu, akakuta moja imedanganya, akaishusha yeye mwenyewe bila kumuuliza meneja. Nikajisemea, mtaa huu bado una watu.

Amplifaya tulichagua inayokubali kuanzia ohm sita, ya nguvu ya kadiri kwa sababu sebule za Woodley si ukumbi. Lakini si ile ndogo kabisa. Wengi mnadhani spika huuawa na amplifaya kubwa. Mara nyingi huuawa na ndogo inayolazimishwa kupiga kelele: sauti inakwaruza, na mkwaruzo ule ndio unaochoma twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Ukisikia mkwaruzo, punguza. Hapo hakuna hesabu.

Nyumbani kwake nilifanya kama alivyotaka. "Huu mwekundu unaenda wapi?" "Chanya ya katikati, Mwalimu." "Na ukienda kwingine?" "Koni itarudi nyuma." "Nionyeshe." Nikamwonyesha kwa betri. Nyuma ya spika nikabandika utepe nikaandika kwa mkono wangu, mwandiko wa darasa la sita, namba niliyoipima mwenyewe. Amplifaya nikaiweka juu ya kabati, wazi, ipumue. Alisahihisha herufi moja kwenye utepe. Sikujali.

Ilikuwa saa saba mchana. Habari zikaanza. Mume wake, Mzee Barasa, alikuwa kwenye kiti chake nje, mgongo kwetu. Msomaji akasoma, waziri mmoja akahojiwa, akaeleza barabara itakamilika lini. Kiti cha nje kikalia.

"Muongo!" Mzee Barasa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, anaelekeza televisheni. "Ulisema hivyo hivyo mwaka jana! Rispa, umesikia huyu mtu?"

"Nimesikia, Baba."

"Amesema Desemba!"

"Amesema Desemba."

Akaingia, akakaa kwenye kochi, akamtukana waziri neno kwa neno mpaka hali ya hewa ikaanza. Mwalimu alijifuta macho kwa kitambaa, na simu yake ikalia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati nakusanya mabaki ya waya. Nilisikia upande wake tu.

"Hapana, usinunue hiyo. Aliyekuambia ni nani? ... Hapana, ngoja. Ngoja nikutumie fundi wangu."

Waya zilikuwa zimeshaisha kukusanywa. Nilibaki kule nyuma ya kabati kidogo hivi, nikizikusanya upya.